Vitunguu vilivyokuwa njano juu, na jinsi nilivyohamia mbolea ya SA (salfeti ya amonia)

Shamba ninalokodi Ruaha Mbuyuni liko jirani na mto na udongo wake ni kichanga. Ukifungulia maji kwenye jaruba, yanazama hata hujageuka. Nilipandikiza kwa mbolea ya DAP, nikakuzia kwa Urea kama wengi wa huku. Miche ilishika vizuri, halafu ikaanza kupauka. Jirani yangu akaniambia, "Hiyo ni njaa ya naitrojeni, mdogo wangu. Mwaga Urea nyingine."

Nikachuchumaa jarubani nikakagua mche mmoja mmoja. Majani ya zamani ya nje yalikuwa bado kijani. Yaliyogeuka njano ni yale machanga yanayochomoza katikati. Mmea ukipungukiwa naitrojeni huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo njano huanza na ya zamani. Salfa haihami kirahisi hivyo, ndiyo maana jani jipya huumia kwanza. Na kitunguu kinaipenda salfa kweli: ule ukali unaotutoa machozi jikoni unatokana nayo. Kwenye kichanga, salfeti, yaani salfa katika hali ambayo mizizi huifyonza, huzama na maji, nazo DAP na Urea hazina salfa ya kufidia.

Dukani nilitolewa kwanza unga wa salfa, ule wa kupambana na ugonjwa wa ubwiri. Nikaukataa. Huo ukiwekwa ardhini, sharti bakteria waugeuze kuwa salfeti ndipo mizizi iufyonze, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi. SA tayari ni salfeti.

Mfuko wa kilo 50 wa SA una naitrojeni kilo 10.5 na salfa kilo 12. Wa Urea una naitrojeni kilo 23, salfa hakuna. Kwa hiyo penye mfuko mmoja wa Urea nikaweka miwili ya SA. Pochi iliuma, siyo siri. Niliigawa awamu mbili, baada ya palizi, katikati ya mistari, na maji nikayapitisha kidogo tu yasije yakaisomba tena. Majani yaliyofuata yakatoka kijani.

Vitunguu vilipoanza kutunga nikaacha kabisa, maana naitrojeni ya mwishoni huleta shingo nene isiyokauka, na kitunguu cha hivyo huozea stoo. Tatizo la SA ni kwamba huongeza tindikali ardhini, kwa hiyo baada ya mavuno napeleka udongo kupimwa. pH, kile kipimo cha tindikali, ikishuka, natafuta chokaa kabla ya msimu mwingine.