Pakiti Zilizorudi na Namba Nyingine

Wakati ule RFC 9491, waraka wa kiwango cha intaneti unaoeleza jinsi ya kupitisha pakiti kwenye msururu wa huduma, ulikuwa bado rasimu. Ulikuja kutoka rasmi Novemba 2023. Sisi maabara tulikuwa tumeshaanza kuujaribu, maana swali lake ndilo lililokuwa likitukosesha usingizi: trafiki ipite kwenye faiwali, kisha kwenye mashine ya uchunguzi, ndipo itoke, na pakiti yenyewe ibebe maelekezo hayo bila ruta za katikati kukumbuka chochote.

Tulitumia hedi mbili kwa pamoja, yaani maelezo yanayowekwa mbele ya data ya pakiti. Ya nje ilikuwa SRH, hedi ya SRv6 (uelekezaji wa segmenti juu ya IPv6), yenye orodha ya segmenti, yaani vituo vya safari, kila moja ikiwa na baiti 16. Hiyo ndiyo inayojua pakiti iende wapi. Baada yake ikaja NSH, hedi ya huduma za mtandao, inayotambulishwa kwa namba ya protokali 145. NSH haijui barabara. Inajua pakiti iko kwenye njia gani ya huduma na imefika hatua ya ngapi. Namba ya njia ina biti 24, kihesabu cha hatua biti 8, na kwa kawaida kihesabu huanzia 255, kikipungua moja kila huduma inapomaliza kazi yake. Mzigo nao si haba: IPv6 ya nje baiti 40, SRH ya segmenti tatu 56, NSH ya aina ya kwanza 24. Baiti 120 kabla hujagusa data ya mtu. Tukapandisha MTU, ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa, mapema, hilo likaisha.

Mashine zetu za huduma zilielewa NSH tu, SRv6 hazikuijua kabisa. Kwa hiyo nodi, kifaa cha mtandao kilicho mbele yao, huivua pakiti SRH, huihifadhi SRH hiyo kwenye kashe (hifadhi ya muda), huituma pakiti ikiwa na NSH peke yake, na ikirudi huivisha tena. Ufunguo wa kuitafutia kwenye kashe ni namba ya njia pamoja na kihesabu kilichokwisha kupunguzwa moja, kwa kuwa hivyo ndivyo pakiti inavyotarajiwa kurudi. Mpaka leo naona huo ni ubunifu mzuri sana. Nodi haihitaji kuifungua pakiti ya mteja hata kidogo.

Usiku wa jaribio trafiki ya kawaida ilipita vizuri. Ile ya kutilia shaka, tuliyoitengeneza wenyewe, ilipotea yote, na karibu kila mtu chumbani akafurahi: mashine ya uchunguzi inazuia, kazi imekwisha. Mwenzangu mmoja hakukubali. Sera yetu haikusema trafiki hiyo izuiwe. Ilisema ihamishiwe njia namba 57, ikasafishwe kwenye mashine nyingine.

"Kaka, hii ya kusafisha haijapokea pakiti hata moja," akaniambia. "Sasa zinakwenda wapi?"

Tukanasa pakiti pande zote mbili za mashine ya uchunguzi na kuzilaza sambamba kwenye skrini. Iliyoingia ilisomeka, kwa heksadesimali, 00 00 2A FE: njia 42, kihesabu 254. Iliyotoka ilisomeka 00 00 39 FF: njia 57, kihesabu 255. Mashine ilikuwa imefanya sawasawa ilivyoagizwa. Iliitambua hatari, ikabadilisha njia, ikairudisha pakiti kwa nodi. Nodi ikatafuta ufunguo wa 57 na 255; yenyewe ilikuwa imehifadhi 42 na 253. Haikupata kitu, ikaitupa pakiti kimyakimya.

Kilichonitisha ni aina ya pakiti zilizokuwa zikitupwa. Zilikuwa ni zilezile ambazo msururu mzima ulijengwa kwa ajili yake, na kwa macho matokeo yalifanana kabisa na ulinzi unaofanya kazi. Mtandao kama huo ungeweza kuanza kuhudumia watu hivyo hivyo.

Dawa ilikuwa ya mkono. Kwa kila njia ambayo huduma inaruhusiwa kuhamishia pakiti, tuliandika kwenye nodi orodha ya segmenti ya kudumu, isiyosubiri kashe ijazwe. Tukaongeza kaunta ya funguo zisizopatikana, na kengele ilie ikisogea hata kwa pakiti moja. Tukarusha tena trafiki ile ya shaka, na namba kwenye mashine ya kusafisha zikaanza kupanda. Upande wa majibu ulikuwa na njia yake, namba 58, ukiwa na upungufu uleule, kwa hiyo nao tukauandikia orodha yake usiku huohuo.