Kobe, Pamba na mkasi wa Jumamosi

Ukija kwangu Jumamosi asubuhi utanikuta nimekaa chini, miguu nimeinyoosha, Kobe kalala chali mbele yangu na mkasi ninao mkononi. Usiogope. Kobe ni roboti wa kufyonza vumbi, duara, mweusi, mfupi wa kutosha kupita chini ya sofa, na jina alipewa na mwanangu siku ileile tuliyomtoa kwenye boksi. Pembeni yetu, kidevu kakilaza juu ya miguu ya mbele, yupo Pamba. Huyo ndiye mwenye kesi.

Pamba ni mbwa. Jina lake nilimpa mimi, kwa sababu alipokuja alikuwa mdogo, mweupe na laini. Sikujua kwamba natabiri. Mpapase mgongoni mara moja tu, mkono unatoka umevaa glavu. Manyoya yake nimeshayakuta ndani ya kibodi ya kompyuta, kwenye mswaki, na siku moja ndani ya bahasha niliyoifunga mwenyewe kwa gundi. Nguo nyeusi nilishaacha kununua.

Mbwa wa namna yake ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni marefu na magumu, ndiyo yanayozuia maji na uchafu. Ya chini ni mafupi, mepesi kama sufi, na haya ndiyo yanayonitesa, kwa sababu hayaanguki chini yakatulia: yanaelea, yanakusanyana, yanakuwa mabonge, kisha mabonge yanabiringika kila mlango ukifunguliwa. Kila unywele una zamu yake. Unakua, unapumzika, unadondoka, mwingine unashika nafasi. Urefu wa mchana ndio unaoupa mwili ishara ya kubadilisha vazi, lakini mbwa anayelala ndani, chini ya taa za umeme mpaka usiku, ishara hiyo inamvurugikia. Basi Pamba hana msimu. Anapukutika mwaka mzima. Na kwa wale wanaonishauri nimnyoe: vazi hilo ndilo linalomkinga na baridi, na ndilo hilohilo linalomkinga na jua. Ukilinyoa, huenda lisiote tena vile lilivyokuwa. Chanuo ndiyo, wembe hapana.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilichotaka cha mvunguni kilikuwa manyoya, na mgongo wangu ulikuwa umeshagoma kuinama. Ndipo nikanunua mtu mfupi wa kuinama kwa niaba yangu.

Mwanangu ndiye aliyempigia bibi yake kumpa habari. Baada ya dakika chache nikaletewa simu.

"Mwanangu, nasikia umenunua mfagiaji."

"Ndiyo, mama."

"Anafagia mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Hata uvunguni anaingia."

Akanyamaza kidogo. "Na yeye anafagiwa na nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Wiki ya kwanza ilikuwa fungate. Kobe anatoka kwenye kituo chake cha kuchajia, anazunguka kuta kwanza kama mkaguzi, kisha anakwenda mistari, huku na huku. Ana kidude juu ya mgongo kinachozungusha mwanga wa leza na kupima umbali wa kila kitu, na kwa vipimo hivyo anachora ramani ya nyumba. Nilikaa na simu mkononi nikitazama ramani inavyojichora, chumba baada ya chumba, kama mtu anayetazama mpira. Mume wangu akaniuliza kama ndiyo kazi iliyopungua hiyo.

Siku ya tisa Kobe akaanza kulia. Mlio mwembamba, wa chuma kinachosuguliwa, halafu akasimama katikati ya sebule na kutangaza kwamba brashi imekwama.

Nikampindua. Brashi kubwa ya tumboni ilikuwa haionekani tena kama brashi. Manyoya ya Pamba, pamoja na nywele zangu ndefu (nakiri), yalikuwa yamejisokota kuizunguka mpaka yakawa kamba, imekaza, nyeupe yenye mistari myeusi. Kuchomoa brashi si kazi: unabonyeza vibanio viwili, kifuniko kinatoka, brashi inainuka. Kazi ni kuinyoa. Ukivuta manyoya kwa vidole unayakaza zaidi. Unapitisha ncha ya mkasi kwenye mfereji ulio kando ya mistari ya brashi, unakata kwa urefu kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, kisha unaichambua kamba yote kama unamenya ganda. Inatoka na sauti ya kitambaa kinachochanwa. Sitadanganya, inaridhisha.

Lakini ubaya wenyewe haukuwa hapo kwenye macho. Kwenye ncha za brashi kuna vifuniko vidogo, na ndani ya vifuniko ndimo brashi inamozungukia. Nilipokifungua kimoja nikakuta kidonge cha manyoya kimeshindiliwa, kigumu kama kifutio cha penseli, na kilikuwa bado na joto. Hapo ndipo mashine hizi zinapofia. Manyoya yanasukumwa pembeni kidogo kidogo, yanaingia kwenye ekseli, yanasuguana, joto linapanda, plastiki inalainika. Mwenye nyumba anaona brashi inazunguka, anajua mambo safi, kumbe mota inavuta mzigo wa punda. Siku hizi sianzii kwenye brashi. Naanzia kwenye ncha.

Kisha gurudumu dogo la mbele. Ninaling'oa kwa kulivuta moja kwa moja juu. Wengi hawajui kwamba linatoka. Chini yake kuna ushungi mwingine. Kisha brashi ya pembeni, ile yenye vidole vitatu kama buibui mgonjwa, inafunguliwa kwa bisibisi, nayo ina shada lake. Kumbe manyoya ya mbwa mmoja yana njia nne za kuingia kwenye mashine moja, na zote nimezifahamu nikiwa nimekaa sakafuni, chini kuliko pale nilipokuwa nikifika kwa ufagio.

Mama alikuwa ameuliza swali la maana.

Tangi la uchafu ni dogo, halifiki nusu lita, na manyoya hayajui kujipanga: yanajaa kwa kuvimba. Siku za mwanzo lilijaa kabla sebule haijafika nusu, na baada ya hapo Kobe akawa anazunguka tu, anasukuma mabonge kutoka kona hii kwenda ile kama mtu anayeigiza kazi mbele ya bosi. Dawa yake haikuwa nguvu zaidi ya kufyonza. Ilikuwa kumtoa kila siku. Manyoya ya siku moja yanaingia tangini na nafasi inabaki. Ya wiki nzima yanamshinda. Na siku ninayomchana Pamba nje kabla ya Kobe kuanza zamu, tangi linarudi na robo tu. Kwa hiyo chanuo la mkononi, ambalo halina betri wala ramani, limesaidia kuliko mpangilio wowote wa kwenye programu ya simu.

Chujio lina vituko vyake. Langu la kwanza nililiosha kwa maji kwa sababu lilionekana linaomba kuoshwa. Halikuwa la kuoshwa. Siku hizi nalikung'uta kwenye ukingo wa pipa la taka na kulipitishia brashi laini, na kwa mwenye chujio linaloruhusu maji, liache likauke siku nzima, maana likirudi na unyevu vumbi linageuka tope. Habari ya chujio ilinipa pia jibu la chafya za mume wangu. Miaka yote tumesingizia manyoya, kumbe kinachowasumbua watu wenye mzio wa mbwa ni protini zilizo kwenye mate na kwenye magamba madogo ya ngozi; manyoya ni basi tu la kuzibebea. Ndiyo maana tangi sasa analimwaga mtoto au mimi, nje, upepo ukiwa mgongoni. Mume wangu amepewa kazi ya kushangilia.

Zulia jeusi la kibarazani lilinichanganya mwezi mzima. Kobe alikuwa akifika ukingoni anarudi nyuma kama kaona shimo. Kweli alikuwa anaona shimo. Chini ya tumbo ana vitambuzi vinavyotuma mwanga usioonekana na kusubiri urudi. Usiporudi, anajua mbele kuna ngazi. Rangi nyeusi inaumeza mwanga ule. Nikahamisha zulia. Manyoya nayo yakiziba vitambuzi hivyo matokeo ni yaleyale, atakataa kwenda popote, na utadhani betri imekufa. Kitambaa kikavu, sekunde kumi, yamekwisha.

Wazo la kumwita mnyama si letu peke yetu. Wasweden wa Electrolux walipotoa roboti wao mwaka 2001 walimwita Trilobite, jina la mdudu wa baharini mwenye gamba aliyetoweka zamani za kale. Mwaka uliofuata, 2002, Roomba ikatoka Marekani, na jina hilo ndilo lililoenea. Trilobite alikwepa vitu kwa kutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Sikio la mbwa linasikia juu zaidi ya letu, mara mbili na zaidi. Nawaonea huruma mbwa wa mwaka ule.

Pamba wetu naye alikuwa na safari yake. Siku mbili za kwanza alibweka akiwa juu ya sofa, mahali alipokatazwa, na akajua kwamba wakati wa vita sheria zinalegea. Siku ya tatu akaanza kumfuata kwa nyuma, pua ikikaribia kugusa. Wiki ya pili akamletea mpira. Akauweka mbele yake, akarudi nyuma hatua mbili, mkia unapepea. Kobe akausukuma mpira kidogo, akageuka, akaenda zake. Pamba aliuangalia ule mpira muda mrefu sana. Tangu hapo hana habari naye. Analala katikati ya njia na Kobe anamzunguka taratibu, na akiinuka sakafuni kunabaki alama ya mbwa mzima, mkia kwa masikio, imechorwa kwa manyoya.

Sasa nifike pale ambapo nilitaka kuparuka.

Nilikuwa nimemwekea Kobe zamu ya saa kumi na moja alfajiri, ili tukiamka tukute sakafu safi. Usiku mmoja tumbo la Pamba likachafuka. Hakulalamika, hakumwamsha mtu. Alijisaidia karibu na mlango wa sebule, akaenda kujificha bafuni. Saa kumi na moja Kobe akaanza kazi.

Nilichokisikia kwanza ni harufu. Nikadhani naota. Nikatoka chumbani pekupeku, na sitasema hatua ya tatu ilikanyaga nini. Nilipowasha taa nikaona mistari. Imenyooka, imepishana kwa nafasi sawa, kutoka mlangoni hadi dirishani, ikakata kona, ikaingia korido, ikazunguka miguu ya kila kiti kwa uangalifu mkubwa. Kobe alikuwa tayari kapanda kituoni kwake, taa ya kuchaji inawaka. Simu yangu ilikuwa na ujumbe: usafi umekamilika.

Sakafu ilichukua asubuhi nzima. Kobe alichukua jioni mbili, kwa mswaki wa zamani na vijiti vya meno, maana magurudumu yake yana meno kama ya trekta, na hata maji huwezi kumwagia kwa sababu mota iko jirani. Brashi na chujio nilivitupa bila kuaga. Mume wangu alipendekeza tumtupe wote.

Baadaye nikagundua kwamba hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2021 kampuni ya iRobot ilitoa Roomba j7+, yenye kamera iliyofunzwa kutambua kinyesi cha mnyama na kukikwepa, tena na ahadi ya kumbadilishia mashine mteja ambaye yake itakikanyaga. Ahadi ya namna hiyo haitolewi kwa ajili ya familia moja. Kobe wangu hana kamera, ana leza tu, na leza yake inapita juu ya kitu kilichotandazika chini. Zamu za alfajiri zimefutwa. Sasa Kobe anatoka pale tu mtu mzima anapokuwa macho, na baada ya mtu huyo kuizungukia sakafu yote kwa macho yake.

Mtu akiniuliza kama anunue, namuuliza ana mbwa wa aina gani na ana mkasi. Kama mbwa anapukutika, achukue mwenye brashi ya mpira, si ya nyuzi, kwa sababu nyuzi na manyoya ni ndugu wanaokumbatiana. Aangalie kama ncha za brashi zinafunguka kwa mkono. Mengine yote ni mapambo.

Mwezi uliopita mama alikuja kukaa nasi. Siku ya pili tu, nikiwa jikoni, nikamwona kupitia mlango: kapiga magoti kando ya kitanda cha wageni, kapenyeza mkono uvunguni mpaka begani. Akautoa, akautazama mbele na nyuma. Hakusema kitu.

Jumamosi akanikuta sakafuni na Kobe kalala chali. Akavuta mto, akaketi kando yangu, Pamba akamwegemea pajani na kuiharibu gauni yake ya bluu palepale.

"Lete huo mkasi," akasema. "Wewe unakata kama unamwogopa."