Tuta langu na tuta la Marib

Mwezi wa pili tuta langu kule Hombolo lilikatika. Kwetu hata tone halikudondoka. Mvua ilinyesha huko juu, na alfajiri korongo likashuka linanguruma, korongo lile lile ambalo jana yake watoto walikuwa wanafukua mchanga kutafuta maji. Likaondoka na safu mbili za zabibu, nguzo na waya wake.

Mzee jirani akaja, akatazama, akauliza: "Mwanangu, ulitaka uyafunge?" Nikasema ndiyo. Akacheka. "Ulitakiwa uyapishe, yakitoka yaende shambani."

Hapo ndipo nilipokielewa kisa cha Saba, ule ufalme wa kale unaotajwa kwenye Qur'ani. Madrasa tulisomeshwa bustani mbili, ya kulia na ya kushoto, na mafuriko yaliyoacha mivinje na kunazi kidogo. Miaka yote nikawa naliwaza bwawa la Marib, mji mkuu wa Wasaba huko Yemen, kama Mtera: maji yametulia, watu wanavua samaki. Kumbe sivyo. Wadi Dhana ni korongo kavu kama letu, linajaa mvua zikinyesha milimani. Wasaba waliziba njia yake kwa tuta la udongo lililofunikwa mawe, urefu kama mita 580, na kila upande wakaweka milango ya mawe. Kazi ya tuta ni kuyainua maji yafikie mifereji, basi. Kulia shamba, kushoto shamba, jumla hekta kama 9,600. Na mimi nilidhani bustani mbili ni namna ya kusema tu!

Tabu ilikuwa tope. Kila mafuriko yaliliacha mashambani, mashamba yakapanda, na tuta nalo likabidi lipandishwe, karne hadi karne. Lilikatika mara nyingi. Mwaka 548 Abraha, mfalme wa Yemen wakati huo, alilikarabati, akachonga kwenye jiwe hesabu ya alivyowalisha wafanyakazi: unga, tende, wanyama wa kuchinja. Kabla karne ile haijaisha likaenda moja kwa moja. Milango ya mawe bado imesimama. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Marib kwenye urithi wa dunia, na siku hiyo hiyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita.

Nimeanza upya, safari hii naacha mlango wa mawe upande wa shamba. Vibarua wanne. Kwenye daftari nimeandika: unga kilo 25, maharage kilo 6, dagaa. Mzee kachungulia, kauliza mbuzi yuko ukurasa gani.