Kupanga bila kujua watu ni wangapi

Nimechelewa kulala tena. Nimeshinda na jedwali la bajeti ambalo safu yake moja inanisumbua tangu Jumatatu, safu ya idadi ya watu, maeneo matatu hayana takwimu kabisa na aliyekuwepo kabla yangu alichukua namba za zamani akaziongeza asilimia 3 kila mwaka akaendelea na kazi, ukibonyeza kile kisanduku unaiona hesabu yenyewe, namba ya mwaka jana mara 1.03, basi, hao ndo watu wetu. Nikabaki naiangalia ile 1.03 na mawazo yakanipeleka Angola, kwa Ana Dias Lourenço.

Wengi wakimtaja wanaanza na mumewe, mke wa Rais João Lourenço, kaingia ikulu Septemba 2017. Kwangu mimi huyu mama bado ni waziri wa mipango. Kazaliwa Luanda 1957, kasoma uchumi Chuo Kikuu cha Agostinho Neto, na 1999 akakabidhiwa wizara ya mipango akakaa nayo mpaka 2012.

Sasa hiyo 1999 yenyewe ilivyokuwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1975 na bado vinapiganwa. Desemba mwaka huo wakatoa pesa mpya, jina lake kwanza, na moja ilikuwa sawa na milioni moja za zamani, milioni jamani, halafu mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukawa bado juu ya asilimia 200. Mtu wa mipango kazi yake ni kusema mwaka kesho kutwa hiki kitagharimu hiki, we utasemaje wakati bei ya leo asubuhi jioni sio yake? Na kinachonikaa zaidi kichwani ni hiki, sensa ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa ya 1970, mkoloni Mreno bado yupo. Baada ya hapo watu wamekufa, wamekimbia, wamehamia Luanda kwa malaki, vijiji vimehama, barabara zina mabomu ya ardhini, na hakuna aliyewahesabu wote. Vita vikaisha 2002, yeye bado waziri. Akaondoka wizarani 2012, sensa bado. Ikaja kufanyika Mei 2014, wakakutwa watu milioni 25.8. Yaani miaka 13 yote alipanga shule na hospitali na barabara za watu ambao hakuna mtu nchini aliyekuwa na idadi yao mkononi. Mi nina maeneo matatu tu na sipati usingizi.

Halafu kuna mafuta. Mafuta ndo karibu mapato yote ya nje ya Angola, na miaka ile Sonangol, shirika lao la mafuta, lilikuwa linalipia mambo mengi ya serikali moja kwa moja bila kupitia bajeti. Mwaka 2011 IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wakasema kuna dola bilioni 32 za kati ya 2007 na 2010 ambazo hazijaelezeka kwenye hesabu za serikali, na baadaye sehemu kubwa ikaelezwa kuwa ni hayo hayo matumizi ya Sonangol. Aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya mipango anaijua hali hii hata kwa kiwango kidogo, we umeandika mpango wako mzuri una kurasa na majedwali, kumbe hela inapita mlango mwingine. Simsafishi, alikuwa kwenye baraza la mawaziri miaka yote hiyo, na ningetamani sana siku moja aandike kwa mkono wake mwenyewe ilikuwaje kupanga wakati fungu kubwa haulioni.

Kitu kingine ambacho watu hawakikumbuki, mumewe kuna kipindi alikuwa amewekwa pembeni kabisa. Alikuwa katibu mkuu wa MPLA, chama tawala, rais wa wakati huo dos Santos akagusia kwamba ataachia madaraka, Lourenço akaonekana anakitaka kiti, 2003 akatolewa kwenye ukatibu. Akakaa bungeni kama makamu wa spika mpaka 2014 alipopewa wizara ya ulinzi. Kwa hiyo kwa miaka karibu tisa, kwenye nyumba ile aliyekuwa anatoka asubuhi kwenda kukaa na mawaziri ni mke. Baada ya wizara akaenda Washington, Benki ya Dunia, mpaka 2016, akawa mkurugenzi mtendaji kwenye kiti ambacho Angola wanachangia na Nigeria na Afrika Kusini. Mwaka mmoja baadaye mume anakuwa rais na yeye anaingia kwenye nafasi ambayo haina wizara wala kura. Nikiwaza hapo huwa naumia kidogo, nakiri.

Ila Desemba 2018 alienda Luena, kule mkoa wa Moxico, kuzindua kampeni ya kuzuia watoto wasizaliwe na virusi vya ukimwi. Luena ndo ule mji ulioyapa jina makubaliano ya amani ya 2002. Bila dawa, mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto kwa asilimia 15 mpaka 45, kwa dawa inashuka chini ya 5. Lakini ili ishuke lazima umjue mama mmoja mmoja, nani kaja kliniki, nani kapimwa, nani kaanza dawa, nani hajarudi, mtoto kazaliwa lini na kapimwa lini. Daftari lile ni sensa kabisa, ya mama na mtoto. Nikaona hapo mtu wa mipango karudi kazini.

Saa saba kasoro sasa. Ile 1.03 nimeifuta, nimeacha visanduku vitatu vitupu. Kesho nawapigia wa kule mmoja mmoja, hata wakinitumia picha za madaftari ya mkono nitahesabu mwenyewe.