Mafuta yapo, pikipiki inazima: nilivyohangaika mpaka nikaifungua koki

Miezi mitatu nimeambiwa kabureta imekufa. Haikuwa na kosa lolote, na nalisema kwa uchungu, maana kama elfu 50 hivi ilishaniondoka kwa kabureta nyingine na plagi mbili.

Tenki likiwa nusu kwenda juu, pikipiki inakimbia vizuri hata nikipakia gunia. Mafuta yakishuka nikageuza koki, ule mlango wa mafuta chini ya tenki, kwenda rizevu, yaani mafuta ya akiba, haipiti kilomita mbili inaanza kumisi, inazima. Nikisubiri dakika 5 nikapiga kiki, inawaka, inasogea kidogo, inazima tena. Na ukilitikisa tenki unayasikia mafuta! Fundi akaniambia, "Wewe usitembee na mafuta kidogo, basi." Mimi ni bodaboda hapa Dodoma. Naweka ya elfu 3 asubuhi, ya elfu 2 mchana. Kijiweni kwetu nani anajaza tenki?

Mwenzangu akahisi ni tundu la hewa la mfuniko. Kwa vumbi letu hili, lilikuwa wazo la maana: tundu likiziba, hewa haiingii na mafuta hayashuki. Pikipiki ikizima fungua mfuniko haraka. Ukisikia "fyuu" hewa ikiingia, ugonjwa ndio huo. Kwangu kimya.

Kilichonifungua macho ni siku niliyozimikiwa barabara ya Iringa, kabla ya Mpunguzi, jua la saa 8 na abiria mgongoni. Akapita mzee na punda wake wawili wamebeba madumu ya maji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Imekataa?"

"Inakata mafuta, na mafuta yamo."

Akachungulia chini ya tenki. "Koki iko kushoto. Ilaze kushoto, hesabu mpaka ishirini, uisimamishe."

Nikailaza. Nikaisimamisha, kiki moja, ikawaka, tukafika Mpunguzi. Tenki la pikipiki limekaa kama madumu juu ya punda: katikati kuna mgongo unaopita juu ya fremu, mafuta yakiwa kidogo yanagawanyika pande mbili, na yale ya kulia hayaifikii koki. Ukiilaza yanavuka.

Usiku ule sikulala vizuri. Mafuta yakijaa upande wa koki inakwenda, yakipungua inazima. Basi shida iko mlangoni mwa koki, na hakuna fundi aliyeigusa!

Asubuhi nikachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta nikauingiza kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Koki ikiwa rizevu, mafuta yalitoka kama uzi, kisha matone. Ndiyo maana ilikuwa inawaka nikisubiri: bakuli la kabureta lilikuwa linajaa tone kwa tone. Chupa nikaiacha itulie. Chini kabisa kukatengana maji na vumbi jekundu la kutu, petroli ikabaki juu.

Koki yenyewe inashikwa na bolti mbili, spana namba 10. Kuna bomba refu linalochukua mafuta ya juu, na tundu la chini la rizevu. Chujio la lile tundu lilikuwa limezibwa na tope la kutu kama udongo wa kisuguu.

Kusafisha chujio peke yake ni kazi ya wiki moja, kutu itarudi. Nililivua tenki, nikaziba tundu la koki, nikatia konzi ya nati na petroli nusu lita, nikatikisa mpaka mabega yakauma, uwanjani, mbali na jiko la mkaa. Mkupuo wa kwanza ulitoka kama chai ya rangi. Wa nne ukatoka safi. Zile nati nilizihesabu wakati wa kutia, nikazihesabu zikitoka. Raba ya koki nilinunua mpya, kama elfu 2, na kifilta cha kwenye mpira hakizidi hapo.

Jumamosi nimekwenda Mpunguzi na kurudi nikiwa rizevu. Kabureta ya zamani nimeirudisha mahali pake na ndiyo inayotembea. Ile nyingine naiuza.