Nilivyoziba tundu la moto kwenye nyasi bandia za uani

Siku ya sherehe ya kipaimara cha mpwa wangu, jiko la mishikaki lilipinduka uani na makaa yakamwagika juu ya nyasi bandia. Tuliwahi kumwaga maji, lakini nyasi za aina hii ni plastiki inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 120 hivi, na kaa linalowaka lina joto mara kadhaa ya hilo. Palibaki baka jeusi lenye upana wa sinia, limeganda na kuwa gumu, ncha zake zikikwaruza ngozi. Mtoto wetu mdogo hutambaa hapohapo, kwa hiyo suala la kuliacha halikuwepo.

Fundi niliyemwita aliinama, akaligusa, akasema, "Dada, hapa hapana dawa. Tung'oe lote tuweke jipya." Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiria. Nyumba iko Tabata, maji ya bomba huja kwa mgao, na ukoka niliokuwa nao zamani ulikuwa ukikauka kila kiangazi. Ndiyo maana niliweka nyasi bandia. Lakini plastiki hiyo haiozi. Kupeleka uwanja mzima jalalani kwa ajili ya doa moja, wakati pembeni kote nyasi ni nzima, niliona ni dhuluma kwa ardhi na kwa mfuko wangu pia.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni rangi. Jua la Dar lilikuwa limezififisha nyasi zangu, na kiraka kutoka dukani kingeng'aa katikati ya uani hata ukikitazama kutoka barabarani. Nikaamua kiraka kitoke kwenye kapeti hilohilo, nyuma ya tangi la maji, mahali pasipokanyagwa na mtu. Kipande kipya nilichonunua Kariakoo ndicho kingeenda nyuma ya tangi. Kama una nyasi bandia nyumbani na zimeungua au kuchanika, naomba ulishike hili kabla ya mengine yote: tafuta kona iliyojificha, ukope huko.

La pili ni mwelekeo. Nyasi bandia hulala upande mmoja. Pitisha kiganja: upande mmoja huteleza, upande wa pili hukataa. Kiraka kikilala kinyume, hata kama ni cha kapeti lilelile, kitaonekana cheusi zaidi ukisimama huku na cheupe zaidi ukisimama kule. Nilichora mishale kwa chaki kwenye utepe wa karatasi, mmoja nikaubandika kando ya baka, mwingine nyuma ya tangi, yote ikielekea getini.

Kazi yenyewe niliifanya asubuhi mapema. Jua likipanda, uso wa nyasi hizi unaweza kupita nyuzi 60, na plastiki hutanuka; ukikata saa sita mchana, usiku kipande kinanywea na mshono unaachia. Kukata pia kuna utaratibu wake. Ukitumia mkasi kutoka juu unafyeka majani, na hapo ndipo mshono unapoonekana milele. Mgongoni mwa kapeti kuna mistari ya ushonaji iliyonyooka, na kisu kinatakiwa kipite katikati ya mstari na mstari. Kiraka cha nyuma ya tangi kilikuwa ukingoni, hivyo nilikikunja nikakikatia mgongoni. Baka lilikuwa katikati ya uani, haligeuziki. Pale niliyagawanya majani kwa vidole kama msusi anavyogawa nywele, mpaka nikauona mgongo, kisha nikapitisha wembe mpya polepole, mraba ulionyooka pande zote. Nilihesabu mistari ya ushonaji kwenye kipande kilichoungua, nikahakikisha kiraka kina idadi ileile. Sentimita hudanganya, mistari haidanganyi.

Chini yake kulikuwa na vumbi la kokoto lililoshindiliwa. Nilikusanya mchanga uliokuwa umenyunyizwa katikati ya majani, nikauweka kando kwenye beseni, nikasawazisha msingi kwa ubao.

Kwenye gundi, nilishauriwa nitumie ile ya mafundi sofa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Sikuitaka. Gundi ile hulegea ikipata joto kali, na uani hakuna kivuli. Nilichukua ya kuchanganya, yenye makopo mawili, pamoja na utepe mpana wa kuungia nyasi. Utepe unaingia chini ya kingo zote nne, nusu upande wa zamani na nusu upande wa kiraka, na gundi inapakwa juu yake. Kwa joto letu gundi hiyo hukaza upesi, kwa hiyo changanya kidogo, tumia, changanya tena. Mama mkwe wangu alikaa pembeni kwenye kigoda akiyashika majani nyuma kwa kitana kikubwa wakati nashusha kila ukingo, maana tone likigusa jani na kukauka halitoki tena isipokuwa kwa kulikata jani lenyewe. "Mwanangu, punguza hapo," aliniambia mara moja, na kweli gundi ilikuwa imeanza kufura pembeni.

Nilikandamiza kwa matofali yaliyofungwa magunia, yakalala hapo mpaka kesho yake. Kisha nikarudisha mchanga na kuchana majani kinyume cha yanavyolala, kwa ufagio mgumu wa plastiki, hadi mistari ikapotea.

Masika yalipokuja maji yalipita vizuri, na kingo hazikuinuka. Gundi iliyobaki ilinitosha kushikiza mshono mwingine karibu na bustani uliokuwa umeanza kufunuka. Nyuma ya tangi kile kipande kipya bado ni kijani kibichi kuliko vyote, na jiko la mkaa sasa linakaa kwenye pevingi, mbali na nyasi.