Nikanyage

Daftari ninalo mpaka leo. Lina jalada gumu la bluu, na ndani yake nimeandika kwa penseli tafsiri ya filamu nzima, dakika 161, kila mstari na dakika yake pembeni. Karibu na mwisho kuna ukurasa mchafu kuliko yote. Neno moja limeandikwa, likafutwa, likaandikwa kwa namna nyingine, likafutwa tena, mpaka karatasi imechanika kidogo. Nitalitaja baadaye. Hata jioni yenyewe niliahirisha hivyohivyo.

Ilikuwa mwaka 2018. Vijana wa kanisa tulikuwa na mfululizo wa filamu nne, moja kila mwezi, juu ya Wakristo walioteswa na serikali zao, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kazi yenyewe haikuwa na fahari: kiti cha plastiki kando ya shuka jeupe, maiki mkono mmoja, daftari magotini, tochi ndogo nimeibana kati ya shingo na bega. Ukigeuza kichwa kidogo, tochi inaanguka na ukumbi mzima unacheka.

Filamu tatu za kwanza zilinivimbisha kichwa. Tulianza na Thomas More, yule mwanasheria wa Uingereza aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kuapa kwamba mfalme Henry VIII ndiye mkuu wa Kanisa. Tukaja kwa Óscar Romero, askofu mkuu wa San Salvador, aliyepigwa risasi akiadhimisha misa tarehe 24 Machi 1980. Kisha Sophie Scholl, binti wa miaka 21 aliyeuawa na Wanazi Februari 1943 kwa kusambaza vikaratasi vya kuupinga utawala wa Hitler. Watu hao ni rahisi kuwatafsiri. Mtu aliyekwisha kukubali kufa kwa ajili ya jambo fulani huongea vizuri. Maneno yake yamenyooka, unayapokea na kuyapitisha kama matofali. Scholl alipomaliza kujibizana na mpelelezi wa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ukumbi ulipiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nilihisi mengine ni yangu.

Ya nne niliichagua mwenyewe: Silence ya Martin Scorsese, iliyotoka mwaka 2016, kutokana na riwaya ya Mjapani Shūsaku Endō ya mwaka 1966. Mapadre wawili vijana wa Kireno, Wajesuiti, wanaingia Japani kwa siri karne ya 17 kumtafuta mwalimu wao, Ferreira, ambaye habari zimefika kwamba ameikana imani. Huyu Ferreira alikuwepo kweli, na alimkana Kristo mwaka 1633 baada ya kuning'inizwa kichwa chini shimoni.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa nini tunaleta filamu ya Wakatoliki. Nikamwambia More na Romero nao walikuwa Wakatoliki na hakuuliza. Akasema, "Hao walikufa." Nilicheka. Kumbe alikuwa amelishika suala zima kabla yangu.

Nilipewa dakika tano za utangulizi. Nikaeleza kwamba Ukristo ulipigwa marufuku kote Japani mwaka 1614, kwa kuwa watawala wa ukoo wa Tokugawa waliuona kama mlango wa kuingilia Wareno na Wahispania. Na baada ya uasi wa Shimabara wa 1637 hadi 1638, uliokuwa na Wakristo wengi ndani yake, mlango ukapigwa misumari. Nikaeleza pia kuhusu fumie. Wale watawala waligundua kwamba ukimuua muumini hadharani unampa heshima, na wenzake wanaondoka pale wameimarika. Wakabuni kitu kidogo zaidi: kibamba chenye sura ya Kristo au ya Maria kinawekwa chini, unaambiwa ukanyage. Ukikanyaga, nenda zako nyumbani. Ukisita, umejitaja.

Taa zikazimwa. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wanakijiji wa Kijapani walipojitokeza gizani na kuwaita wale vijana "Padre! Padre!", watu walishtuka kwa furaha, maana hapo hawakunihitaji. Neno lilelile la Kireno lililofika Japani kwa meli lilifika na huku kwetu katika Kiswahili. Nikazima maiki nikawaacha waelewane wenyewe.

Halafu kuna Kichijiro. Huyu ni mlevi, mwoga, mtu aliyekanyaga sanamu wakati ndugu zake wote walikataa wakachomwa moto mbele ya macho yake. Anamsaliti padre, kisha anarudi kutubu. Anakanyaga tena, anarudi tena. Mara ya pili watu walicheka. Mara ya tatu walicheka zaidi, na kuna kijana nyuma alisema kwa sauti, "Huyo tena!" Mimi pia nilikuwa nimemtafsiri kwa kejeli kidogo, nikimpa sauti ya mtu wa vichekesho. Sikupaswa. Lakini alipouliza mtu dhaifu kama yeye ana nafasi gani katika dunia ya namna ile, kicheko kilikatika hapo hapo, na sauti yangu ya vichekesho ikabaki inaning'inia hewani bila mwenyewe.

Wakristo watatu waliofungwa misalabani baharini, maji yakiwapanda, sikuwatafsiri sana. Hakuna maneno mengi pale. Mmoja anaimba wimbo, mawimbi yanamfunika, yanaondoka, anaimba tena.

Aliyenisumbua zaidi ya wote ni mkalimani. Ndani ya filamu ana jukumu kubwa: mtu wa serikali, mstaarabu, anayejua Kireno, anatabasamu na kumwambia padre kwamba kukanyaga ni utaratibu tu, wala haina haja ya kukanyaga kwa moyo. Nilikuwa nimekaa kando ya shuka, namtafsiri mtu anayetafsiri. Vijana walinitania kwa jina hilo miezi mingi baadaye.

Sasa ule ukurasa. Rodrigues, mmoja wa wale mapadre wawili, yule aliyesalitiwa na Kichijiro, yuko kizuizini usiku. Anasikia walinzi wakikoroma na inamchukiza kwamba watu wanaweza kulala fofofo usiku kama ule. Ferreira anamwambia kwamba si kukoroma. Ni Wakristo waliotundikwa kichwa chini shimoni, wamechanjwa nyuma ya sikio ili damu itoke polepole wasife haraka. Wamekwisha kukana, mara nyingi. Haisaidii, kwa sababu anayetakiwa kukana ni padre. Akikanyaga, wanatolewa.

Wanamleta uani. Sanamu iko chini, imesagika kwa nyayo za watu. Anaitazama, na filamu inaondoa sauti zote: hakuna upepo, hakuna wadudu, hakuna minong'ono. Kisha sura ile inasema naye. Inamwambia asiogope, inayajua maumivu yake, ilikuja duniani kuyabeba. Inamwambia aikanyage.

Nikanyamaza.

Nilikuwa na mstari wangu mbele ya macho, mwanga wa tochi ukiwa juu yake. Katika kiti cha kwanza, hatua tatu kutoka nilipokaa, mchungaji alikuwa amekunja mikono, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesubiri kusikia vizuri. Mdomo ukakauka. Nilifikiri: nikilisema, litatoka kwenye spika za kanisa kwa sauti yangu, na litakuwa linatoka kwa Yesu. Wale waliokuwa wakisoma maandishi ya chini nyakati za Kijapani hawakuwa na la kusoma hapa, kwa sababu mahali hapo filamu inasema Kiingereza. Waliokuwa wakinitegemea, ambao ni karibu wote, waliona padre anatazama chini, kimya, halafu anaweka mguu. Jogoo akawika. Mama mmoja akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo.

Sehemu iliyobaki niliisoma kama tangazo.

Taa zilipowashwa, mjadala ulikuwa mkali kuliko wa filamu zote tatu. Kijana mmoja alisema yule ni Yuda mwenye kanzu. Dada mmoja akasimama akamuuliza kama angekuwa yeye shimoni angetaka padre asimame pale juu kulinda usafi wake. Wakabishana mpaka ikabidi wakalishwe. Mchungaji akachukua maiki kufunga. Alisema kwa upole, na kwa kweli alisema vizuri. Alisema tumeona wenyewe: katika saa ile Mungu hakumwambia chochote, padre aliamua kwa akili yake, na huo ndio mtego wa mwamini aliyechoka kusubiri.

Maiki ikarudi kwangu kwa maswali ya mwisho. Ingetosha sentensi moja. Badala yake kijana aliuliza kama imani ilikufa Japani baada ya hapo, na mimi nikajificha nyuma ya tarehe. Nikaeleza kwa kirefu kwamba tarehe 17 Machi 1865, katika kanisa jipya la Ōura mjini Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni, padre Mfaransa aitwaye Bernard Petitjean alifuatwa na wakulima kutoka Urakami, na mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na wake, kisha akauliza sanamu ya Maria iko wapi. Zaidi ya miaka 200 bila padre. Watu waliokanyaga fumie kila mwaka, wakarudi nyumbani kusali sala ya toba, wakawabatiza watoto wao kwa siri. Marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 1873. Watu walipiga makofi. Yalikuwa makofi ya kweli kwa habari ya kweli, na nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa nakunja nyaya mwalimu mmoja mstaafu aliponijia. Alifundisha Kiingereza maisha yake yote.

"Kijana, pale uani," alisema, "spika ilikufa?"

"Hapana, mwalimu. Nilinyamaza."

Hakunikaripia. Akavuta kiti, akaomba daftari, akavaa miwani. Akausogeza ule ukurasa kwenye taa na kuanza kusoma vilivyofutwa, kimoja baada ya kingine, kama anasahihisha mtihani.

"Uliandika *kanyaga*. Kwa nini ukafuta?"

Nikamwambia ndilo neno nililowapa maofisa filamu nzima. Kristo angeongea kama wao.

"*Unikanyage*?"

"Laini mno. Kama mtu anayeomba asogezewe kiti."

"*Nikanyage mimi*?"

"Kana kwamba kuna mwingine wa kukanyagwa, mwalimu."

"Mbona wapo," akasema. "Wako shimoni." Akashuka mpaka neno la kwanza kabisa, lile nililoliandika kabla ya yote na kulifuta kwa nguvu zaidi. "*Nikanyage*. Hili lina kosa gani?"

Nikamwonyesha. Ukimwambia mtu akukanyage, unasema nikanyage. Na ukiwa unajiuliza kama uweke mguu au usiweke, unasema nikanyage? Herufi zilezile. Nani ukumbini angejua kama ni Kristo anayeamuru au padre anayejiuliza?

Mwalimu aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko cha kifua cha mtu aliyeona kitu kizuri. "Na padre mwenyewe," akaniuliza, "unadhani alijua?"

Alinirudishia daftari. Kwa heshima ya mtu ambaye hataki kukuaibisha, hakuniambia nifanye nini. Na mimi nisidanganye hapa: sikunyamaza kwa sababu ya sarufi. Sarufi niliisumbukia wiki tatu mezani. Usiku ule niliogopa tu.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata mchungaji ofisini. Nilimweleza kwamba alihubiri juu ya kimya kilichokuwa changu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kalamu ikizunguka vidoleni. Nilitegemea hasira. Akaniuliza kama laptopu ninayo kwenye begi.

Akafunga mlango. Nikaitafuta ile sehemu, tukaitazama tumeinama mbele ya kile kioo kidogo. Alipoona mguu unashuka, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Tukatazama tena, na jogoo akawika tena.

"Sasa tafsiri," akasema.

Nikarudisha mara ya tatu. Sauti zilipozimika nikangoja mpaka sura ile ilipoanza kusema, nikalisema neno, bila maiki, karibu na sikio lake. Hakuniangalia mimi, wala hakuangalia kioo tena. Alikuwa ametazama chini, kwenye sakafu kati ya viatu vyake.

"Sema tena," akasema. "Polepole. Nisikie kama ni swali."